Uzi: Katuni za vita kwenye magazeti ya zamani, jinsi ya kuzipa tarehe, kuzitunza na kuzionyesha (Mwanza na Kanda ya Ziwa)

Mtunza_Igogo

Wakuu, salaam. Uzi huu ni kwa wenye magazeti ya wakati wa vita, hasa Vita vya Kagera, na kwa wanaosimamia vyumba vya kumbukumbu vya shule, parokia na makumbusho ndogo kuanzia huku Mwanza hadi Bukoba na Musoma. Nazungumzia katuni za uhariri, zile zinazokaa jirani na tahariri na kutoa msimamo wa gazeti kwa mchoro mmoja.

Kubwa kuliko yote: msikate. Katuni ya vita ni jibu la habari ya jana yake. Ukiichomoa kwenye ukurasa, umebakiza jibu na kutupa swali.

Tazameni katuni ya David Low iliyotoka kwenye Evening Standard la London tarehe 20 Septemba 1939. Hitler na Stalin wanainamiana kwa adabu, kofia mkononi, wanatukanana kwa lugha ya heshima, na maiti imelala kati yao. Siku tatu nyuma, tarehe 17, jeshi la Kisovieti lilikuwa limeingia Poland kutoka mashariki, na Wajerumani walikuwa wameshaingia kutoka magharibi tangu tarehe 1. Bila tarehe, hujui maiti ile ni ya nani. Au ile ya 18 Juni 1940, askari wa Kiingereza amesimama peke yake juu ya mwamba, bahari imechafuka, ngumi juu. Jana yake Pétain, Waziri Mkuu wa Ufaransa, alikuwa ametangaza kwamba Ufaransa inaomba kusitisha vita. Upweke wa yule askari ulikuwa habari ya siku ile.

Maneno ya chini nayo ni nusu ya katuni. Tarehe 6 Machi 1942 Daily Mirror lilichapa mchoro wa Philip Zec wa baharia aliyeng'ang'ania kipande cha chelezo baharini. Chini yake paliandikwa kwamba bei ya petroli imepanda kwa peni moja, na kwamba hiyo ni taarifa rasmi. Zec alitaka watu waone petroli inavyoletwa kwa damu ili wasiichezee. Serikali ya Churchill ikasoma kwamba mabaharia wanakufa ili wenye kampuni za mafuta wapate faida, na gazeti likaonywa kwamba linaweza kufungiwa. Maneno yale hayakuwa ya Zec, yalitoka kwa mwenzake wa gazetini, William Connor. Kwa hiyo kwenye daftari lenu wekeni safu ya mchoro mbali na safu ya maneno. Mchoraji na mwandishi wa maneno si lazima wawe mtu mmoja.

Ukurasa mzima ukiwepo, utunzeni mzima. Kama katuni imeshakatwa, andikeni kila kilichobaki kwenye kingo, hata nusu ya neno.

Nyamanoro77

Asante mkuu. Sasa swali. Kipande kimeshakatwa, hakina tarehe, hakina jina la gazeti. Kinamwonyesha Idi Amin na ndege juu ya mji wenye ziwa na mawe makubwa, wazi kabisa ni Mwanza. Kiandikwe 1979?

Kaitaba_Mkongwe

Ndugu Nyamanoro, usiandike 1979 bado. Mwanza imepigwa mabomu mara mbili katika ugomvi na Amin. Septemba 1972, baada ya wapiganaji waliomuunga mkono Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, kuingia Uganda kutokea Tanzania, ndege za Amin zilishambulia Bukoba na Mwanza, na ugomvi ule ukatulizwa kwa makubaliano ya Mogadishu mwezi Oktoba. Mara ya pili ni mwishoni mwa Machi 1979, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilipotumwa kupiga Mwanza na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama wa hifadhi. Gaddafi naye hakusaidii kutofautisha, maana Libya ilimsaidia Amin miaka yote miwili.

Anza na cheo. Amin alijipandisha kuwa Field Marshal mwaka 1975. Maneno ya katuni yakimwita Field Marshal, au bega likiwa na alama za cheo hicho, 1972 imeondoka. Akiitwa Jenerali peke yake, 1972 inapata nguvu, ingawa mchoraji wa 1979 angeweza kumshusha cheo kwa dharau. Ushahidi wa aina moja hautoshi.

Umbo la ndege nalo litazame. Tu-22 ina injini mbili zilizopandishwa juu, kwenye shina la mkia. Mchoraji akiwa ameliona umbo hilo kwenye picha za habari, ataliweka. Asipoliweka haimaanishi kitu, kwa sababu wengi walichora ndege ya vita ya jumla tu.

Kisha geuza kipande. Watu wanasahau upande wa pili, na tarehe huwa hapo. Angalia matangazo. Likiwepo tangazo la safari la East African Airways, gazeti ni la kabla ya shirika hilo kufa mapema 1977. Air Tanzania ilianzishwa Machi mwaka huohuo. Ratiba za meli za Mwanza na Bukoba zikitolewa kwa jina la East African Railways, uko kabla ya 1977. Zikiwa kwa jina la Shirika la Reli Tanzania, uko baada. Chama tawala kikiitwa TANU kwa habari ya siku hiyo, ni kabla ya 5 Februari 1977, siku CCM ilipozaliwa. Jina la gazeti nalo lina mpaka: Daily News lilizaliwa 1972 kwa kuunganisha The Standard na The Nationalist.

Ukishajua ni vita ya 1978 na 1979, tumia mwendo wa vita kubana zaidi. Uvamizi mkubwa wa Kagera ni mwisho wa Oktoba 1978. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba eneo hilo ni lake. Tarehe 2 Mwalimu akahutubia kwamba sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Daraja la Kyaka likalipuliwa siku hizohizo. Mutukula ni Januari 1979, Masaka na Mbarara ni mwisho wa Februari, Lukaya ni Machi, na Kampala ilianguka 11 Aprili. Katuni yenye daraja lililokatika na Amin akicheka haiwezi kuwa ya Aprili.

Ukipata kipindi, nenda kwenye maktaba yenye mfululizo wa magazeti. Idara ya East Africana ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina magazeti ya miaka hiyo. Fungua siku kwa siku, si kwa kuruka. Hadi uthibitishe, kwenye daftari andika, kwa mfano, "Novemba 1978?" pamoja na alama ya kuuliza na sababu zako. Alama hiyo ya kuuliza isifutwe na mtu asiye na ushahidi mpya.

Nyamanoro77

Nyuma kuna robo ya tangazo la meli. Nalifanyia kazi. Shukrani sana mzee wangu.

Wino_Mweusi

Niongeze kuhusu michoro ya asili, yaani karatasi yenyewe aliyochorea mchoraji kabla haijaenda kiwandani. Hizi ni adimu kuliko magazeti na ndizo zinazoharibiwa zaidi kwa nia njema.

Mchoro wa asili wa gazeti unaonekana mchafu. Ni mkubwa kuliko katuni iliyochapwa, mara nyingi mara moja na nusu au mara mbili. Wino ni wa masizi, mweusi uliokolea, umepakwa kwa brashi na nibu. Karibu na uso utaona doa nyeupe iliyoinuka kidogo, hapo mchoraji alirekebisha kwa rangi nyeupe. Chini ya wino kuna mistari ya penseli ya bluu hafifu. Pembeni kuna mikwaruzo ya kalamu nyekundu, namba kama "safu 3" au asilimia ya kupunguza, na nyuma kuna mhuri wa tarehe na sahihi ya mhariri.

Hakuna hata kimoja cha kusafisha. Penseli ya bluu iliachwa makusudi kwa sababu filamu ya kiwandani iliiona bluu hafifu kama nyeupe, haikutokea gazetini. Inaonyesha mchoraji alivyobadilisha mawazo: mkono uliokuwa umeshika bunduki ukawa umeshika bendera. Na asilimia na mhuri ndiyo hati ya kuzaliwa ya mchoro. Mtu akifuta nyuma ili "ipendeze kwenye fremu", ameondoa ushahidi kwamba uliwahi kuchapwa.

Vitu vitatu huoza kwanza kwenye michoro hii. Kimoja ni karatasi za nukta za kubandika, zile za plastiki nyembamba zilizotumika kutia kivuli. Zinasinyaa, gundi inageuka kahawia, kingo zinanyanyuka. Usizibandike upya, funika kwa karatasi laini isiyo na asidi na uhifadhi mchoro ukiwa umelala. Kipande kikishabanduka, kiweke kwenye bahasha yake yenye namba ileile, na upige picha mahali kilipokuwa. Kingine ni gundi ya mpira iliyotumika kubandika maneno ya chini. Doa lake la njano halitoki kwa maji, na petroli au tina italisambaza. Cha tatu ni kalamu za wino wa rangi, maka. Wino wa masizi hautishiki na mwanga. Wa maka unafifia, tena ukiguswa na maji au spiriti unatembea. Kabla ya kugusa mstari wowote kwa unyevu, chukua ncha ya pamba iliyonyonya tone moja la maji, gusa sehemu isiyoonekana sana kwa sekunde mbili, kisha kandamiza kwa karatasi nyeupe ya kunyonya. Rangi ikitoka hata kidogo, kazi yote ibaki kavu.

Usafi mkavu: brashi laini ya manyoya, kutoka katikati kwenda nje. Pasipo penseli wala rangi nyeupe unaweza kunyunyiza unga wa raba nyeupe ya plastiki na kuuzungusha kwa vidole bila kukandamiza.

Dada_Kirumba

Je, laminesheni? Katuni kadhaa zimeanza kukatika kwenye mikunjo, na stationari za mjini wanafanya kwa bei ndogo.

Wino_Mweusi

Hapana dada, kabisa. Mashine ya laminesheni inayeyusha gundi ndani ya karatasi kwa joto na haitoki tena. Karatasi za magazeti zimetengenezwa kwa mti uliosagwa, lignini (kitu cha ndani ya mti kinachogeuza karatasi njano) yote imo ndani, na asidi inaendelea kuzaliwa humohumo. Ukishafunga, umeifungia asidi na karatasi pamoja.

Kwa mikunjo inayokatika, tumia karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano uliopikwa. Chana ukanda kwa mkono, usikate kwa mkasi, ili nyuzi za kingo zishike polepole. Upana wa milimita 5 unatosha. Paka gundi nyembamba kwenye ukanda, si kwenye gazeti, bandika upande wa nyuma, funika kwa kitambaa kisichonata na karatasi ya kunyonya, weka uzito kwa saa kadhaa. Gundi ikiwa na majimaji mengi italeta mduara wa kahawia unaoonekana hadi mbele. Solotepu isiguse kitu. Pini za stepla ondoa kwa kunyoosha miguu yake nyuma, usizivute.

Kwa kulinda, weka ndani ya bahasha ya plastiki ya polista iliyo wazi pande mbili. Tahadhari mbili hapo. Polista ina umeme tuli unaoweza kunyanyua penseli na chaki, kwa hiyo ni kwa magazeti, si kwa michoro ya asili. Na wauzaji wengi watakupa PVC wakisema ni ileile. Pima: pasha waya wa shaba kwenye moto hadi uwe mwekundu, gusisha kwenye kipande cha plastiki, rudisha kwenye moto. Mwali ukigeuka kijani, ni PVC, inanyonya wino wa chapa na kutoa asidi. Fanya nje, moshi wake mbaya.

Mtunza_Igogo

Sasa hali ya hewa, maana vitabu vingi vimeandikwa kwa nchi za baridi. Huku kando ya ziwa, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, joto si tatizo kubwa. Tatizo ni unyevu wakati wa vuli na masika. Ukungu unapata nguvu unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65. Kuulazimisha ushuke hadi 45 bila mashine inayofanya kazi usiku na mchana haiwezekani, na ukifanya kwa kuwasha na kuzima, karatasi inavimba na kusinyaa kila siku. Afadhali 55 hadi 60 isiyoyumba.

Kipimaunyevu cha bei nafuu kinafaa, ila kipime kwanza. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, tia matone ya maji hadi iwe kama mchanga mbichi, si uji. Funga pamoja na kipimo kwenye mfuko usiopitisha hewa, acha saa 8 hadi 12. Kinatakiwa kusoma 75. Kikisoma 70, jua kila siku unaongeza 5.

Kabati liwe la chuma lenye rangi, sentimita 15 kutoka sakafuni na 10 kutoka ukutani. Nyumba zilizoegemea miamba, kama nyingi za mji wetu, ukuta wa upande wa mwamba hupitisha maji mvua zikikolea. Kabati lisikae upande huo hata kama ndiko kwenye nafasi. Sentimita zile 15 pia ndizo zinazokuonyesha njia ya mchwa mapema. Pakiwa na kabati lililogusa sakafu, mchwa utauona ukishafika kwenye karatasi.

Vidudu vya ziwani vinavyokuja kwa mawingu vinafuata taa. Usiku zimeni taa ya chumba cha kumbukumbu na wekeni wavu wa matundu madogo sana. Kimoja kikisagika juu ya karatasi kinaacha doa la mafuta lisilotoka. Wala mayai ya mende msiyapuuze, hubandikwa kwenye mikunjo.

Kama hamna maboksi yasiyo na asidi, tumieni la kawaida mkilitandika ndani kwa kitambaa cha marekani, pamba tupu isiyotiwa rangi wala dawa, kilichofuliwa kwa maji matupu mara mbili. Kitambaa kifuliwe tena kila mwaka.

Bwiru_Friza

Kwa wadudu, friza. Kila mtaa wa Mwanza una friza la samaki, mnaweza kuazima, ila lisiwe lina sangara ndani wakati huo. Funga karatasi kwenye mifuko miwili ya nailoni, toa hewa, ziba kwa utepe mpana wa gundi. Nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja kamili. Kama friza linaishia 18, acha wiki mbili. Umeme ukikatika katikati, hesabu inaanza upya, kwa sababu wadudu wakipoa polepole wanazoea. Ukitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo hewa ya chumbani itageuka maji juu ya karatasi baridi.

Dada_Kirumba

Na ukungu nao unakufa humo? Wengi wanaanika juani.

Wino_Mweusi

Friza halimuui ukungu, linamsimamisha tu. Akitoka na kukuta unyevu, anaendelea. Jua ndiyo msiguse. Saa chache za jua la mchana kwenye karatasi ya gazeti zinaacha njano ya kudumu.

Karatasi ikilowa, una kama saa 48 kabla ukungu haujaanza. Itandaze kwenye kivuli, karatasi ya kunyonya juu na chini, feni ielekee ukutani, si kwenye karatasi. Ukiona huwezi kukausha zote ndani ya siku mbili, gandisha zilizobaki ukaushe kidogo kidogo. Ukungu uliokwisha kauka hugeuka vumbi. Fagia nje ya nyumba kwa brashi laini, barakoa ya N95 usoni, upepo ukitokea nyuma yako. Ukungu mbichi usipigwe brashi, utausugua ndani ya nyuzi.

Skana_Nyegezi

Kuhusu kunakili. Mchoro wa mistari, nukta 600 kwa inchi, rangi kamili hata kama ni mweusi na mweupe, maana penseli ya bluu na mhuri vinapotea kwenye kijivu. Karatasi za gazeti, 400 zinatosha. Hifadhi kwa TIFF, JPEG iwe ya kutumiana tu. A4 moja ya rangi kwa 600 ni karibu megabaiti 104, kwa hiyo michoro 500 ni kama gigabaiti 52 kabla hujanakili upande wa nyuma. Na upande wa nyuma nakili.

Gazeti linapitisha maandishi ya upande wa pili. Weka karatasi nyeusi isiyong'aa nyuma yake, tatizo linapungua sana. Usitumie mashine inayovuta karatasi yenyewe, inachana. Ukurasa usioingia kwenye skana piga kwa kamera iliyofungwa juu, taa mbili, moja kila upande, kwa nyuzi 45, rula ikionekana kwenye picha. Ukilazimika kunakili vipande viwili, vipishane angalau robo.

Jina la faili lifanane na namba ya daftari: mwaka wa kupokea, kundi, kipande, kisha m kwa mbele na n kwa nyuma, mfano 2024-03-017n. Namba hiyohiyo iandikwe kwa penseli laini nyuma ya kipande, kona ya chini kulia, karatasi ikiwa juu ya meza ngumu ili isichomoze mbele. Nakala tatu, vifaa viwili tofauti, moja nje ya jengo. Disku tatu kwenye droo moja ni sawa na moja.

Kaitaba_Mkongwe

Nimalizie na maonyesho, kwa sababu 25 Julai, Siku ya Mashujaa, watu hukumbuka kutoa katuni kabatini.

Onyesheni nakala, si za asili. Mkilazimika kuweka ya asili, luksi (kipimo cha mwanga) 50 na miezi mitatu tu, kisha ipumzike gizani. Luksi 50 kwa saa 8 kwa siku 90 ni luksi-saa 36,000. Meza iliyo karibu na dirisha lenye luksi 2,000 inafikia kiasi hicho kwa saa 18 tu. Madhara ya mwanga hujumlishana wala hayarudi nyuma.

Katuni za vita nyingi zina chuki ndani yake. Mchoraji Dr. Seuss, ambaye katuni zake zaidi ya 400 za gazeti la PM zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alichora tarehe 13 Februari 1942 foleni ya Wamarekani wenye asili ya Japani wakigawiwa baruti. Siku sita baadaye Roosevelt alisaini amri iliyofungua njia ya kuwaondoa makwao. Chuo hakikuificha ile katuni, lakini haipaswi kuning'inizwa bila maelezo. Na sisi tuna zetu. Nduli alichorwa kama mnyama, sawa, alikuwa ameua watu. Lakini tazameni kama mchoro unamlenga yeye au unawalenga Waganda wote, ambao wengi wao walikuwa wahanga wake na wengine walipigana upande wetu. Ukiwalenga wote, semeni hivyo kwenye kibao, kwa sentensi moja iliyo wazi. Wageni wa Masaka na Kampala watakuja kuona, wazee wa Kyaka waliokimbia makwao nao watakuja.

Kibao kiwe na gazeti na tarehe, habari iliyotokea jana yake, nani amechorwa, maneno ya chini kama yalivyo, na kama tarehe ni ya makisio, ile alama ya kuuliza. Maneno 60 hadi 80 yanatosha.

Hakimiliki: kuwa na karatasi si kuwa na haki ya kuichapa upya. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haki inadumu maisha ya mchoraji na miaka 50 baada ya kifo chake. Katuni za 1979 kwa sehemu kubwa bado zina mwenyewe au warithi. Mnapopokea mchango, fomu iwe na mistari miwili ya sahihi, mmoja wa kukabidhi karatasi, mwingine wa ruhusa ya kunakili na kuonyesha. Mtoaji akisaini wa kwanza tu, pokeeni, tunzeni, na kwenye daftari andikeni "haionyeshwi mtandaoni" hadi familia ya mchoraji ipatikane.

Nyamanoro77

Mrejesho kidogo: ile robo ya tangazo nyuma ya kipande inasomeka "...ways Corporation, Mwanza South". Inatosha?

Kaitaba_Mkongwe

Bado. Shirika la Reli la Afrika Mashariki na lile la Tanzania yote mawili kwa Kiingereza yanaishia hivyohivyo. Tafuta herufi za kabla, hata mguu mmoja wa herufi. Tumia lenzi na taa ya pembeni iliyolala, kisha linganisha upana wa nafasi iliyokatwa na upana wa herufi zilizobaki. "East African" inahitaji nafasi kubwa kuliko "Tanzania". Weka picha ya nyuma hapa, nukta 600, na rula.